Pombe Haingoji Ndege

"Nyamaza kidogo, Mama Kagure. Inaongea."

Wangui alisimama mlangoni pa jiko na sufuria ya viazi mkononi, akamtazama mumewe. Theuri alikuwa amepiga magoti chini, sikio kalibandika kwenye ubavu wa mtungi, macho kayafumba, kofia imemkalia upande. Mitungi mitatu ilikuwa kando ya makaa, imefunikwa blanketi hadi shingoni, maana mwezi wa saba kule juu ya Gakindu hauna huruma. Ukungu huteremka kwenye mashamba ya kahawa asubuhi na kuondoka unapotaka wenyewe.

"Inasema nini?" Wangui akauliza.

"Inasema kesho asubuhi itakuwa tayari."

"Basi iambie ingoje. Huyo mtoto bado hajafika."

"Atafika leo. Ndege ni masaa kumi na saba tu, na hii pombe imechukua siku mbili. Sasa si unaona msichana ako karibu kuliko pombe?"

Wangui alicheka mpaka kiazi kimoja kikadondoka. Hakumbishia. Tangu wiki tatu zilizopita mumewe alikuwa akiyataja hayo masaa kumi na saba kwa kila aliyemsalimu, hata kwa watu waliokuja kuuliza habari za mbolea.

Kwenye kilima kile Theuri ndiye aliyekuwa mkono wa muratina, pombe ya asali. Ukitaka kuoza binti, ulikwenda kwa chifu kuomba ruhusa, kisha ulikwenda kwa Theuri. Yeye ndiye aliyejua asali ipi ina uvivu na ipi ina hasira, na yale matunda makavu ya mwegea yanayoumua pombe aliyachagua kwa kunusa, kama mama anayenusa kichwa cha mtoto. Desturi ni kwamba pombe hutoka upande wa mwanamume. Lakini wakwe wa safari hii walikuwa watu wa Mweiga, na muratina ikirushwarushwa njiani hununa, kwa hiyo walikubaliana walete asali na Theuri apike mwenyewe. Wazee wenzake kwenye kiwanda cha kahawa hawakumwacha apumue. "Theuri," walimwambia, "huyo mkwe amekupa kazi kabla hajakupa mbuzi!"

Alicheka nao. Ila moyoni kulikuwa na jambo ambalo hakumweleza mtu.

Siku ya ngurario, yaani harusi ya kimila, baba hanywi kabla ya binti kumkabidhi pembe ya kunywea. Anamwuliza mbele ya watu wote: pombe hii, ninywe? Binti akisema kunywa, basi ameolewa. Akikataa, wakwe wanafunga virago vyao. Theuri alikuwa amepikia mabinti wa kilima kizima, na hakuwahi kumwona hata mmoja akikataa. Hilo ndilo lililomnyima raha. Msichana atakataaje, hema limeshasimama, mbuzi wameshachinjwa, na shangazi zake wote wamenunua nguo za sare?

Na huyu wake alikuwa hajamtia machoni kwa miaka sita. Kagure alikuwa akilea wazee katika nyumba moja ya wazee mjini Edmonton, Kanada. Ndiye kifungua mimba, na kwa hiyo alibeba jina la mama yake Theuri; tangu siku ya kwanza baba yake alimwita Maitu, mama yangu. Kila Jumapili alipiga simu. Kila Jumapili alisema, "Niko sawa, Baba." Alisema hivyo wakati wa baridi na wa joto. Alisema hivyo hata ile wiki aliyolazwa kwa ugonjwa wa mapafu, na Theuri alikuja kuambiwa baadaye na Kim, huyo mchumba mwenyewe, aliyeropoka akidhani mzee anajua. Tangu hapo ile "niko sawa" ilimkaa Theuri kooni. Pombe angeweza kuipima kwa sikio. Sauti ya simu haikuwa na ubavu wa kubandika sikio.

Ndiyo maana siku ile alipokwenda kwa Anita, binti anayetoa nakala na kutuma pesa pale sokoni Gakindu, alimwuliza swali ambalo hakuwahi kumwuliza mtu: "Kutoka hapa mpaka hiyo Edmonton ni umbali gani?"

Anita, aliyewaita wazee wote guka, yaani babu, aligusagusa kompyuta yake. "Kilomita elfu kumi na tatu na mia sita, Guka. Kwa ndege ni masaa kumi na saba." Akamgeuzia kioo aone. Mstari ulitoka Nairobi, ukapinda juu ya dunia kama upinde, ukatua kwa Kagure.

"Soma tena," Theuri alisema.

Anita akasoma tena. Mzee alisimama pale akiutazama ule mstari mpaka watu wakaanza kupanga foleni nyuma yake. Kwa miaka sita Edmonton ilikuwa kwake kama mbinguni, mahali ambapo watu huenda na hakuna anayekuambia ni mwendo wa muda gani. Leo ilikuwa na kipimo, tena kipimo kidogo. Alirudi nyumbani kifua mbele.

Akapanga kila kitu kwa kipimo hicho. Kagure alisema angepanda ndege Alhamisi jioni akitoka kazini. Jioni ukiongeza masaa kumi na saba, Ijumaa kabla ya saa sita mchana yuko Nairobi, na Ijumaa jioni yuko nyumbani. Atalala kwenye kitanda chake, ataamka, atakula. Kisha Jumamosi ndipo aulizwe. Theuri alitaka huo usiku mmoja kuliko alivyotaka mbuzi wote wa Mweiga. Alitaka amwulize mtoto aliyelala nyumbani.

Sasa ilikuwa Ijumaa, saa tano ya asubuhi, na pikipiki ikanguruma uani. Kim alikuwa ameleta turubai la hema. Alikuwa kijana mrefu, mwenye haya, aliyetangulia kuja kutoka Edmonton wiki mbili kabla ili asaidiane na watu wake.

Theuri alitoka jikoni akijipangusa mikono. "Kim! Bado uko hapa? Nani ameenda kuchukua Kagure?"

"Ni kesho asubuhi, Mzee. Saa hii ako juu ya bahari, bado hajafika hata Frankfurt."

"Frankfurt ni wapi na anaenda kufanya nini huko?"

Kim alishusha turubai polepole. Aliona uso wa mzee na akajua hapa pana kitu. "Anabadilisha ndege, Mzee. Hakuna ndege ya kutoka kule mpaka hapa moja kwa moja."

"Anita alisema masaa kumi na saba."

"Hiyo wamepima tu ule mstari. Kama ndege ingetoka kule ikuje hapa bila kusimama. Lakini hakuna. Inabidi ukae Frankfurt siku nzima ukingoja ingine. Na tena masaa ya kule iko nyuma yetu. Alhamisi jioni yao, hapa kwetu ni Ijumaa alfajiri."

Theuri aliketi juu ya mtungi wa maji wa plastiki uliokuwa pale uani. Hakuna aliyekuwa amemdanganya. Anita alisoma alichokiona, Kagure alisema siku anayoondoka, na yeye mwenyewe ndiye aliyeunganisha. Lakini aliumia. Ilikuwa kana kwamba mtu amemchukua binti yake mkononi, akamrudisha nyuma kule kule alikomtoa.

"Kwa hivyo atafika kesho na aje moja kwa moja kwa hema," alisema.

"Saa sita atakuwa hapa, Mzee. Ameniambia ako sawa."

"Najua," Theuri akajibu. "Huwa ako sawa."

Akainuka, akaingia jikoni, akaanza kuvua mitungi blanketi. Aliyaondoa makaa, akafungua mlango na dirisha ili baridi iingie yote. Pombe aliyoibembeleza kwa joto siku mbili sasa alitaka isinzie. Wangui alimkuta akiifunga magunia yaliyoloweshwa maji.

"Baba Kagure, hiyo pombe utaipatia homa ya mapafu."

"Afadhali iwe mgonjwa kuliko ikuwe tayari."

Jioni Kim akapiga simu. Mvua ya radi ilikuwa imefunga njia kule Frankfurt, ndege haikuruka. Kagure alikuwa amelala kwenye viti, angetua Nairobi kesho saa saba mchana. Theuri alitoka akaibeba mitungi, mmoja mmoja, akaipanga uani chini ya ukungu.

Jumamosi wakwe waliingia saa sita, magari manne, wakiimba langoni kama inavyopasa. Msemaji wao alikuwa Peterson, mwuza viazi wa Mweiga, mtu mwenye ulimi ambao ungemuuzia chura maji. Walikula, wakatoa hotuba, wakala tena. Harufu ya muratina ilipita hemani na wazee wakawa wanameza mate. Ilikuwa imefika. Theuri alijua bila kuionja: ilikuwa pale hasa ambapo utamu na ukali hushikana mikono, na haingekaa pale kwa muda mrefu.

"Mzee Theuri," Peterson alianza ilipotimu saa tisa, "sisi hatuna haraka. Lakini pombe iko na haraka. Msichana ameshatua, ako kwa gari. Si tumpigie simu ya video? Tutamwona vizuri kabisa, hata meno. Umuulize, aseme kunywa, na sisi tunywe. Akifika atakuta tunaimba."

Wazee wakaguna kwa kukubali. Ati hata maofisi makubwa siku hizi hufanya mikutano hivyo.

"Kwa simu nimemuuliza miaka sita," Theuri alisema. "Tungoje."

"Sawa, sawa. Penye wazee haliharibiki neno."

"Neno haliharibiki, Peterson," Wangui akadakia kutoka upande wa wanawake. "Pombe ndiyo inaharibika. Lakini tungoje." Hema zima likacheka, Peterson mwenyewe akishika mbavu.

Gari liliingia saa kumi na moja, ukungu ukirudi. Vigelegele vilipasuka. Wanawake walimtoa Kagure garini, wakamfunga leso, wakamkumbatia mmoja baada ya mwingine, naye akacheka na kila mmoja. Miguu ilikuwa imemvimba, viatu amevikanyaga visigino. Alipomfikia baba yake, Theuri alimshika mabega. Alikuwa amekonda. Alikuwa na mvi mbili juu ya sikio, mtoto wake huyu.

"Maitu. Umechoka?"

"Niko sawa, Baba."

Ilikuwa sauti ileile ya Jumapili. Theuri aliisikia, mara hii akiuona na uso unaoitoa. Uso ulikuwa umelala. Mdomo tu ndio ulikuwa macho.

Wakamwongoza mpaka katikati ya hema. Peterson akajaza pembe, akamkabidhi Kagure kwa mikono miwili, na watu wakanyamaza. Kagure alisimama ameishika, akiyumba kidogo kama mtu aliye bado ndani ya gari. Kim alimsogelea ili amtegemee. Kila mtu akamtazama Theuri. Lilikuwa limebaki swali moja tu, maneno machache, na kila mtu alijua jibu. Na Theuri alijua kwamba hata akimwuliza kama yeye ni mbuzi, Kagure angesema ndiyo, ili watu wasisumbuke.

Alinyoosha mkono, akaichukua pembe kwa upole, akairudisha pombe mtungini.

"Leo sitauliza."

Hema likavuma. Peterson akasimama. "Mzee Theuri, tumekosea wapi?"

"Hamjakosea. Nyinyi ni watu wazuri, na asali yenu ni nzuri. Lakini siwezi kuuliza mtu maisha yake akiwa amelala."

"Lakini amesimama, Mzee! Si huyu hapa?"

"Amesimama, lakini hajafika. Mwili ndiyo imekuja na gari. Mwenyewe bado ako njiani." "Rudini kesho mkitoka kanisa. Nawaomba kama mzazi."

"Na pombe?"

Theuri huyu aliwahi kuumwaga mtungi mzima bondeni kwa kuchacha kidogo tu, akarudia kupika upya watu wakimngoja. Aliitazama mitungi mitatu, povu lake jeupe, kazi bora kuliko zote zilizowahi kutoka mikononi mwake.

"Pombe itakuwa vile itakuwa," alisema.

Wakwe waliondoka wakinong'ona. Kim peke yake ndiye aliyerudi nyuma, akamshika mzee mkono kwa mikono yake yote miwili, akaenda.

Kulipokuwa kunapambazuka Kagure aliingia jikoni amejifunga blanketi. Baba yake alikuwa anapuliza moto. Akavuta kigoda, akaketi karibu naye, wakatazama maji yakichemka.

"Umelala, Maitu?"

"Nililala kama maiti. Halafu nikaamka saa tisa usiku. Kule ni jioni, ningekuwa natoka kazi." Akajikuna mguu uliovimba. "Baba, watu wa Mweiga wamekasirika?"

"Watakasirika na watakasirikuka. Hawa ni watu wa viazi." Akammiminia chai. "Nataka kukuuliza hapa, tukiwa wawili. Ukisema ninywe, ni wewe unasema, ama ni hema inasema?"

Kagure alishika kikombe bila kunywa.

"Kim ni mtu mzuri, Baba. Kim niko na uhakika na yeye."

"Basi?"

"Si Kim. Ni huko." Alianza kulia taratibu, bila kujificha. "Nikisema unywe, ndiyo nimekaa huko. Watoto wangu watazaliwa huko. Wewe utakuwa guka wa simu. Ile siku shosho, mama yako, alienda, nilitafuta tiketi usiku wote. Nikahesabu ndege ya kwanza, ya pili, kungoja, gari ya kutoka Nairobi. Kila njia ningefika mkiwa mmeshamzika. Jina yangu imezikwa na mimi siko. Halafu nikakupigia nikasema niko sawa."

Theuri alimfikiria mama yake aliyezikwa, na huyu mama yake mwingine anayelia mbele yake. Alimwekea mkono kichwani, mkono mzito wa mtu asiyezoea.

"Mimi nilifikiria uko karibu," alisema mwishowe. "Nilikuwa naambia watu uko karibu kuliko pombe."

Kagure akacheka katikati ya machozi, akajifuta pua kwa blanketi. "Nataka, Baba. Nataka Kim, na hata huko napataka, nisikudanganye. Lakini wewe, nikikupa, utakunywa?"

Moto ulilia kwenye kuni mbichi. Nje, jogoo wa jirani aliwika, na Wangui akasikika akikohoa chumbani.

"Kunywa chai," Theuri alisema. "Inapoa."

Watu walirudi baada ya kanisa, wachache kuliko jana, na waliofika mlangoni mwa hema walikunja pua. Muratina ilikuwa imekwenda zake. Harufu yake ilichoma kama siki, nzi wameipenda, povu limekufa. Wazee walitazamana. Peterson, ambaye jana angeuza maji kwa chura, leo alijaza pembe akigeuza uso pembeni.

Kagure aliipokea. Alikuwa ameoga, amefunga kitambaa cha mama yake kichwani, na macho yake yalikuwa mekundu, lakini yeye alikuwa macho kabisa. Theuri akasimama mbele yake, akavua kofia.

"Kagure, mtoto wangu. Watu hawa wameleta asali, na mimi nimepika. Pombe hii, ninywe?"

Watu walingoja. Kagure alifungua mdomo, sauti ikakataa kutoka, akajaribu tena. Ilipotoka ilikuwa imepasuka katikati, nene, haikufanana na sauti yoyote ya Jumapili.

"Kunywa, Baba."

Theuri aliisikia, na hakuwa na shaka tena. Akaipokea pembe. Macho yote yalikuwa usoni pake, kwa maana kila mtu alitaka kujua imekuwa kali kiasi gani. Desturi ilidai funda moja tu. Yeye aliinua kiwiko na kuendelea kuinua, kifundo cha koo kikipanda na kushuka, na hakupumua mpaka pembe ikawa tupu. Machozi yalimtoka yakaingia kwenye ndevu.

"Imekuwaje, Mzee?" Peterson aliuliza kwa sauti ya huruma.

"Tamu," Theuri akasema.

Wakacheka, kwanza wanawake, kisha hema zima, na vigelegele vikaanza. Kim alikuwa anapigwa mabega na kaka zake. Theuri alimrudishia Kagure pembe kama inavyopasa, naye akaipokea, lakini mzee hakuiachia. Kagure naye hakuivuta. Walisimama hivyo katikati ya kelele, mikono minne juu ya pembe moja, kila mmoja akimngoja mwenzake aachie kwanza.